Pindo

Tangu moto wa Kadutu ulipokula kibanda changu
nimehesabu mabati ya paa tunapolala: kumi na manne.
Matundu ya misumari, sitasema ni mangapi.
Mtu akijua idadi ya matundu ya paa lake
ujue ameshinda chali siku nyingi.

Cherehani haikuungua yote. Ilibaki shingo,
nyeusi, imeinama, kama inatafuta uzi ulioanguka.
Vifungo viliyeyuka vikashikana,
vya koti la harusi na vya sare za shule, donge moja.
Nililitia mfukoni. Sijui kwa nini.

Ndugu zangu hawakukosa maneno.
"Mwanaume hulia ndani." Nimelia ndani
hata ndani kumejaa maji, hakuna pa kukaa.
"Omba." Niliomba. Mungu alikuwepo, sikatai,
ila alikaa kimya, kama mgeni asiyetaka chai.
"Kuna waliozika watoto." Najua.
Mimi ndiye niliyewashonea nguo za matanga.
Lakini je, huzuni ni foleni ya bomba,
hadi wenye ndoo kubwa waishe ndipo nami nichote?

Nabintu alitoka alfajiri na beseni la sambaza,
akarudi na harufu ya ziwa kwenye kitenge,
wala hakuniuliza nimefanya nini kutwa.
Hilo liliniuma.
Hilo pia lilinibeba.

Kisha akaja Cirhuza wa ngazi za chini, mchomeleaji.
"Pindo limefumuka," akasema. "Sina haraka."
Akatupa suruali kitandani, akakalia bidoni,
akasimulia mpira wa Jumapili, jinsi kipa alivyoteleza topeni.
Moto hakuutaja. Akaondoka.

Siku tatu suruali ilinitazama.
Ya nne niliomba sindano.
Tundu lake lilikuwa mbali kama Idjwi siku ya ukungu.
Nilishona upana wa vidole vinne, nikalala.
Kesho yake, vidole viwili.
Mishono ya aibu. Mwanagenzi wangu ningemfumulia.

Cirhuza aliivaa hivyohivyo.
"Alhamisi naenda kituo cha afya," akasema. "Twende."
"Unaumwa?"
"Niliumwa mwaka ule mlima uliposhuka na ukuta wangu.
Wewe ulidhani nimesafiri?"

Ndiyo. Mtaa mzima tulidhani yuko machimboni.
Miezi mitano alikuwa nyuma ya mlango wake,
ngazi arobaini chini ya kitanda changu.

Chumba kidogo, viti vya plastiki, mvua ya Bukavu dirishani.
Mama Odette hakuniambia nivumilie.
Unalala saa ngapi? Unakula?
Umewahi kutamani usiamke?
Nilitazama viatu vyangu. Nikasema ndiyo.
Neno likatoka, likakaa katikati yetu,
na paa halikuanguka.
"Umefanya vizuri kulileta hapa," akasema.
"Rudi Alhamisi. Ukizidiwa kabla yake,
usingoje Alhamisi."

Sijapona. Msinitangaze kanisani.
Jana nimehesabu tena mabati: kumi na manne.
Ila Nabintu amelaza kitenge magotini mwangu,
kimechanika ukingoni. "Sina haraka,"
amesema, akacheka kidogo, mwizi wa maneno ya watu.

Donge la vifungo liko dirishani sasa.
Leo nimechokoa kwa ncha ya kisu
hadi kimoja kikabanduka.
Kimepinda. Matundu mawili yameziba.
Mawili yanapitisha uzi.